Slipu inaonyesha umekatwa, NSSF hakuna mchango: Mafao ya uzazi yanavyoweza kumpita mama wa Mafia

Ukifanya kazi kwenye hoteli za kule Utende, mwisho wa mwezi unapewa slipu ya mshahara. Chini kuna mstari umeandikwa NSSF na kiasi ulichokatwa. Wengi tunauangalia, tunaguna kidogo, tunakunja karatasi, maisha yanaendelea.

Sasa shida iko hapa. Siku ukienda kudai mafao ya uzazi, kinachoamua si ile slipu. Kinachoamua ni rekodi iliyoko kwenye mfumo wa NSSF: mwezi kwa mwezi, mwajiri gani alileta mchango, wa kiasi gani, kwa jina gani. Bosi akikukata lakini asipeleke, kwenye rekodi ule mwezi haupo.

Na kama mwezi huo ndio uliokuwa unakukamilishia hesabu, basi.

Kwa Mafia hili ni jambo la kuangaliwa kwa karibu kuliko sehemu nyingi, kwa sababu moja tu: kazi nyingi za ajira hapa zinafuata msimu. Tuichambue taratibu.

Likizo ni kitu kimoja, mafao ni kingine

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya sana.

Likizo ya uzazi ni haki yako kwa mwajiri. Iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33. Ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Unatakiwa kumtaarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, ukiwa na cheti cha daktari. Ukirudi kazini, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto.

Mafao ya uzazi ni fedha kutoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa waajiriwa wa sekta binafsi, mfuko huo ni NSSF. Walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma wako PSSSF tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, kwa hiyo makala haya yanawahusu zaidi walioko hotelini, viwandani, madukani na kwenye taasisi binafsi.

Unaweza kupata likizo vizuri kabisa na bado ukakosa mafao. Bosi anaweza kukupa siku zako 84 bila tatizo, halafu NSSF wakakwambia michango haijatimia.

Masharti yenyewe ni haya

Mama anayedai mafao ya uzazi NSSF anatakiwa awe amechangia angalau miezi 36. Na kati ya hiyo, michango 12 iwe imelipwa ndani ya miezi 36 ya mwisho kabla ya wiki ya kujifungua.

Yaani kuna mitihani miwili. Wa kwanza unauliza: umechangia kwa jumla miezi mingapi tangu uanze? Wa pili unauliza: hivi karibuni ulikuwa unachangia, au ulishaacha zamani?

Ukifaulu yote miwili, unalipwa asilimia 100 ya wastani wa kipato chako cha siku kwa wiki 12, yaani wiki 4 kabla ya kujifungua na wiki 8 baada. Wastani huo unatokana na mshahara wa miezi sita iliyotangulia wiki ya 20 ya ujauzito.

Kumbuka hilo la wiki ya 20. Tutalirudia.

Wanaangalia nini kwenye rekodi?

Dai likifika mezani, kuna maswali ya msingi ambayo lazima yajibiwe.

Je, huyu ndiye mwanachama mwenyewe? Jina la kwenye dai, la kwenye kitambulisho cha NIDA na la kwenye uanachama yanapaswa kufanana. Mtu anayeitwa Mwanahawa kwenye NIDA na Hawa kwenye fomu ya kazini ameshajitengenezea safari ya ziada.

Je, ana namba moja ya uanachama? Wapo waliosajiliwa na mwajiri wa kwanza, wakahamia kwa mwajiri wa pili, wakasajiliwa upya kama vile ni wageni. Michango 20 iko kwenye namba moja, 18 kwenye namba nyingine. Ukizijumlisha unafika 38, lakini kila rekodi ikisomwa peke yake hakuna inayofika 36. Dawa yake ni kuomba rekodi ziunganishwe, na ni vyema kufanya hivyo mapema.

Je, kila mwezi uliofanya kazi una mchango? Hapa ndipo mapengo yanapojitokeza.

Je, mshahara ulioripotiwa ni ule ule unaoupokea? Mwajiri akiripoti mshahara mdogo, mchango unakuwa mdogo, na wastani wa mafao nao unashuka.

Na mwisho, je, kuna uthibitisho wa kitabibu? Kadi ya kliniki na cheti cha daktari ndivyo vinavyoonyesha ujauzito una wiki ngapi na tarehe ya matarajio ni lini. Bila tarehe hizo, huwezi kujua miezi 36 inahesabiwa kuanzia wapi.

Tupige hesabu ya Utende

Chukua mfano wa dada anayefanya usafi wa vyumba kwenye hoteli ndogo. Ni mfano tu, si mtu fulani.

Ameanza kazi Juni 2021. Mshahara wake ni shilingi 300,000. Hoteli inafunga Aprili na Mei kila mwaka kwa sababu ya masika, wageni hawaji, bahari imechafuka. Miezi hiyo miwili hana mshahara, na hivyo hana mchango.

Kwa mwaka anachangia miezi 10. Kufikia Machi 2024 ana michango 30. Akirudi Juni na kuendelea, Novemba 2024 anatimiza 36. Wa Dar anayefanya kazi mwaka mzima angefika huko kwa miaka mitatu kamili. Yeye amehitaji miaka mitatu na nusu.

Anapata ujauzito, tarehe ya matarajio ni mwishoni mwa Aprili 2025. Anahesabu slipu zake: hadi Machi 2025 ana miezi 40. Yuko salama, siyo?

Lakini mwaka 2022, kuanzia Juni hadi Oktoba, hoteli ilikuwa na hali ngumu. Ilikata makato, haikupeleka. Miezi mitano. Hakuna aliyemwambia.

Rekodi ya NSSF inasoma 35. Amekosa kwa mwezi mmoja.

Sasa angalia fedha. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida asilimia 10 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri. Kwa mshahara wa 300,000 ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi mitano ni shilingi 300,000, na nusu yake, 150,000, ilishatoka mfukoni mwake.

Mafao aliyotarajia? Mshahara wa miezi sita ni 1,800,000. Ukigawa kwa siku 180 unapata 10,000 kwa siku. Kwa siku 84 ni shilingi 840,000.

Kwa hiyo deni la 300,000 ambalo si lake limefunga mlango wa 840,000 ambazo angepata. Na ule mtihani wa pili, wa michango 12 ndani ya miezi 36, ameufaulu vizuri sana. Amekwama kwenye ule wa kwanza tu.

Msimu unaingia hata kwenye wastani

Ile wiki ya 20 ndiyo hii hapa. Katika mfano wetu, wiki ya 20 iliangukia mwanzoni mwa Desemba 2024, na miezi sita iliyotangulia ni Juni hadi Novemba. Yote ina mshahara.

Lakini kama angetarajia kujifungua katikati ya Februari, wiki ya 20 ingekuwa mwishoni mwa Septemba. Miezi sita ya nyuma inamgusa Aprili na Mei, miezi ambayo hoteli ilikuwa imefungwa. Mshahara ni ule ule, kazi ni ile ile, ila tarehe ya mtoto imebadilika kidogo na miezi mitupu imeingia kwenye hesabu ya wastani.

Hakuna mama anayepanga ujauzito kwa kuangalia kalenda ya papa potwe, wale wanaowavuta watalii Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Hata hivyo kalenda hiyo ndiyo inayoamua lini kuna mshahara, na mshahara ndio unaoamua mchango.

Kosa la nani?

Kisheria, jibu haliko mbali. Wajibu wa kukata na kuwasilisha michango ni wa mwajiri. Sheria inampa mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Akichelewa anatozwa adhabu ya fedha, na akikaidi mfuko unaweza kumpeleka mahakamani. NSSF ina wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi na kudai vitabu vya mishahara. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo zimekuwa zikiligusa suala la waajiri wasiowasilisha michango.

Kwa maana hiyo, sheria inajua nani mkosaji. Tatizo ni muda.

Mfuko ukimfuatilia mwajiri, kesi inaweza kwenda miezi au zaidi. Ujauzito hauna subira hiyo. Una wiki 40, na mara nyingi mama anagundua pengo akiwa tayari anajifungua au ameshajifungua. Deni likilipwa mwaka unaofuata, rekodi inapendeza, lakini mtoto ameshaanza kutembea.

Ndiyo maana nasema mzigo umekaa pabaya. Mwenye kosa anadaiwa faini, asiye na kosa anakosa fedha ya kula wakati ana kichanga.

Bahari nayo ina gharama yake

Mtu wa Kinondoni akiambiwa jina lake lina tatizo, anapanda daladala kwenda kurekebisha. Kwa Mafia, jambo likihitaji kufika ngazi ya mkoa, makao makuu ya mkoa wa Pwani yako Kibaha. Unavuka na kivuko au boti hadi Nyamisati, unashika barabara ya Kibiti, unapita Mkuranga na Dar, ndipo ufike. Au unapanda ndege, kama una nauli hiyo.

Mwenye mimba ya miezi saba kumwambia afanye safari hiyo kwa sababu herufi moja imekosewa kwenye jina, si utani mzuri. Na aliyeko Chole, Juani au Jibondo ana boti nyingine ya kupanda kabla hata hajafika Kilindoni.

Kwa hiyo kwa watu wa visiwani, kukagua rekodi mapema si ushauri wa ziada. Ni kujiokolea nauli.

Fanya hivi, tena kabla ya ujauzito kama inawezekana

1. Pata taarifa yako ya michango. NSSF wana mfumo wa wanachama mtandaoni, na pia wako kwenye menyu ya huduma za Serikali, *152*00#, kwa asiye na bando au simu janja. Fuata maelekezo yanayotokea kwenye skrini.

2. Hesabu miezi, usiangalie jumla ya fedha. Salio kubwa linaweza kukudanganya. Chukua karatasi, andika kila mwezi tangu ulipoanza kazi, weka tiki palipo na mchango na mduara palipo patupu.

3. Gawanya miduara mafungu mawili: miezi ambayo hukufanya kazi, na miezi uliyokatwa lakini haionekani. Fungu la pili ndilo la kudai.

4. Tunza slipu. Piga picha kila slipu, itume hata kwenye namba yako mwenyewe ya WhatsApp. Slipu haikupi mafao, lakini ni ushahidi kwamba ulikatwa. Mkataba wa kazi na taarifa ya benki vinasaidia pia.

5. Anzia kwa mwajiri, kwa maandishi. "Naomba kufahamu kuhusu michango yangu ya Juni hadi Oktoba 2022." Heshima ipo, kumbukumbu inabaki. Akikujibu kwamba alilipa, muombe namba ya kumbukumbu ya malipo.

6. Asipojibu, nenda NSSF, wao ndio wenye mamlaka ya kumdai. Unaweza pia kumwona Ofisa Kazi au chama cha wafanyakazi. Kwa walioko hotelini, CHODAWU ndicho chama kinachowahusu.

7. Rekebisha jina na unganisha namba sasa hivi, wakati huna haraka.

8. Kabla hoteli haijafunga kwa masika, waulize NSSF kama unaweza kujichangia mwenyewe kwa miezi hiyo, na kama itahesabiwa kwenye mafao ya uzazi. Mfuko unapokea wachangiaji wa hiari, lakini pata jibu la kesi yako kabla hujalipa.

Ukishajua una ujauzito, fanya hatua ya kwanza hadi ya tatu kabla ya wiki ya 20. Hapo unabakiwa na miezi kama minne au mitano ya kusukumana na mwajiri. Si mingi, ila inatosha kuanza.

Na akina baba, hili nanyi linawahusu. Mwenzako akiwa na kichefuchefu na miguu imevimba, kuhesabu miduara kwenye karatasi ni kazi unayoweza kumsaidia.

Mfumo wenyewe je?

Ushauri wote huo unamtwisha mama kazi ya ukaguzi, na hiyo si sawa kabisa. Kuna mambo mawili ambayo yangepunguza maumivu.

La kwanza ni ujumbe mfupi wa simu. Mwezi ukipita bila mchango, mwanachama aambiwe mwezi huo huo: mchango wako haujafika. Dada wa mfano wetu angejua Agosti 2022, siyo Aprili 2025. Angekuwa na karibu miaka mitatu ya kulifuatilia.

La pili ni gumu zaidi: sharti la miezi 36 limeandikwa kwa kumfikiria mtu anayelipwa miezi 12 kwa mwaka. Kwa mfanyakazi wa msimu, mwaka wa kazi ni miezi 10, wengine 8. Wa miezi 8 anahitaji miaka minne na nusu kufika 36, hata mwajiri wake akiwa mwaminifu kama malaika. Kuna sababu ya kuwa na kiwango cha chini, maana mfuko hauwezi kumlipa mtu aliyejiunga jana. Lakini swali la kama msimu uhesabiwe tofauti linastahili kuulizwa na wabunge wanaotoka sehemu zenye kazi za namna hii.

Majirani wamechagua njia tofauti. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, miezi mitatu ya likizo inalipwa na mwajiri kwa mshahara kamili. Rwanda mwaka 2016 ilitunga sheria ya mpango maalumu wa likizo ya uzazi, mfanyakazi akichangia asilimia 0.3 na mwajiri 0.3. Kila njia ina udhaifu wake. Tanzania imechagua kupitisha mafao haya kwenye rekodi ya mfuko, kwa hiyo usahihi wa rekodi ndio kila kitu.

Tusisahau pia kwamba yote haya ni kwa wenye mwajiri. Mama anayelima mwani au anayechokoa pweza maji yakitoka hana slipu wala mtu wa kumkatia. Akijifungua, mapumziko yake ni yale ambayo ndugu na majirani watamwezesha. Mjadala wake ni mrefu na unastahili makala yake.

Kwa leo, kama unakatwa NSSF, usisubiri mwisho wa mwezi. Ingia kwenye taarifa yako ya michango jioni hii na uhesabu miezi. Ukikuta pengo, andika barua kesho asubuhi.